MAISHA YA BIBI RUFAIDA WA ASLAM, MUUGUZI WA ZAMA ZA MTUME, NA HAKI ZA MGONJWA

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, Aliyeumba maradhi na akayaumbia dawa, na rehema na amani zimshukie Bwana Mtume Muhammad, na jamaa zake, na Sahaba zake wote.

Amma baad. Watoto wa vyuoni huwataja mashujaa wa Badri na Uhud kwa majina yao na majina ya baba zao pasi na kusita. Lakini wakiulizwa ni nani aliyewafunga majeraha mashujaa hao, na ni nani aliyekesha nao usiku homa zilipowapanda, hunyamaza. Kijitabu hiki ni cha kuwapa jawabu. Ni khabari ya mwanamke aliyepigiwa hema ndani ya msikiti wa Bwana Mtume (S.A.W.), akawauguza watu humo bila ya ujira. Ndani ya khabari hiyo mna mambo ambayo kila mwenye mgonjwa nyumbani kwake, na kila aliyeshika kazi ya kuuguza, yampasa kuyajua: kuwa mgonjwa ana haki, na kuwa ugonjwa haumwondolei mtu utu wake.

JINA LAKE NA KABILA LAKE

Jina lake ni Rufaida, na nasaba yake ni ya Bani Aslam, kabila lililotokana na Khuzaa, waliokuwa wakikaa baina ya Makka na Madina. Watu wa Aslam wengi walisilimu mapema, na Bwana Mtume aliwaombea Mungu awape salama, akaifanya dua hiyo ifanane na jina la kabila lao. Baadhi ya wanavyuoni humwita Rufaida Al-Aslamiya kwa nasaba hiyo, na wengine humwita Al-Ansariya kwa kuwa alikuwa pamoja na watu wa Madina.

Khabari zake zimepokewa na Ibn Ishaq, aliyeandika Sira ya Mtume katika karne ya pili ya Hijra, na Imam Bukhari katika kitabu chake cha adabu kiitwacho Al-Adab Al-Mufrad. Ibn Hajar naye amemtaja katika kitabu chake cha majina ya Sahaba. Ama Ibn Saad, aliyekufa mwaka wa 230 wa Hijra (845), ameitaja khabari hiyo ya hema kwa mwanamke mwengine wa Aslam, Kuaiba binti Saad, akasema kuwa Kuaiba alikwenda vita vya Khaibar mwaka wa 7, na Bwana Mtume akampa fungu kama fungu la mwanamume. Wanavyuoni wamekhitalifiana kama hao ni wanawake wawili au ni mmoja mwenye majina mawili. Vyovyote iwavyo, waliopokea khabari hiyo wamewafikiana katika jambo lililo kubwa, nalo ni kuwa hema lilikuwako, na mwenye hema alikuwa mwanamke wa Aslam, na kazi yake ilikuwa ni kuuguza.

WANAWAKE WAUGUZI WA MADINA

Asidhani msomaji kuwa Bibi Rufaida alikuwa peke yake katika kazi hiyo. Katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra (625), Bwana Mtume alijeruhiwa usoni, na bintiye, Bibi Fatima, akamwosha damu huku Sayyidna Ali akimmiminia maji kwa ngao. Bibi Fatima alipoona kuwa maji hayazidishi ila damu kutoka, alitwaa kipande cha mkeka akakichoma, kisha akaliweka jivu lake juu ya jaraha, na damu ikasimama.

Rubayyi binti Muawwidh amesimulia kuwa wanawake walikuwa wakitoka pamoja na Mtume vitani, wakiwanywesha watu maji, wakiwatibu majeruhi, na kuwarudisha Madina. Na Ummu Atiya, naye ni katika Ansari, alikwenda vita saba. Kazi yake ilikuwa ni kubaki nyuma kwenye kambi, akiwapikia watu chakula, akiwafunga majeruhi, na kuwaangalia wagonjwa.

Lakini wanawake hao kazi yao kubwa ilikuwa ni ya siku za vita. Bibi Rufaida alikuwa na jambo lililompambanua na wengine. Yeye alikuwa na mahali. Mgonjwa alijulikana apelekwe wapi, na mwenye kumtaka alijua amkute wapi. Kwa hivyo wengi katika waandishi wamemhesabu kuwa ni muuguzi wa kwanza katika Uislamu.

VITA VYA KHANDAQ NA JARAHA LA SAAD

Katika mwaka wa 5 wa Hijra (627) Makureshi walikusanyika na Ghatafan na makabila mengine, jeshi la watu kiasi cha 10,000, wakaijia Madina kutaka kuing'oa. Waislamu hawakupata 3,000 na kitu. Salman Mfursi alitoa shauri la kuchimba handaki upande wa mji uliokuwa wazi, na Bwana Mtume akachimba pamoja nao, kwa njaa na baridi. Maadui walipofika wakaliona handaki wasiweze kulivuka, wakakaa siku nyingi wakirusha mishale.

Mshale mmoja, aliourusha mtu wa Kikureshi aitwaye Hibban bin Al-Ariqa, ulimpiga Saad bin Muadh katika mkono, ukamkata mshipa uitwao akhal. Saad alikuwa mkubwa wa kabila la Aus, mtu wa mwili mkubwa na heshima kubwa, ambaye kwa kusilimu kwake jamaa zake wengi walisilimu. Damu ikamtoka sana. Bwana Mtume mwenyewe alimchoma jaraha kwa ncha ya mshale iliyotiwa moto ili damu isimame. Mkono ukavimba, akamchoma mara ya pili.

Hapo ndipo Bwana Mtume alipoamrisha Saad apelekwe katika hema la Rufaida, lililokuwa msikitini, ili apate kumtazama kwa karibu.

HEMA LA MSIKITINI

Na azingatie msomaji mambo yaliyomo katika amri hiyo.

Jambo la kwanza ni mahali. Msikiti wa Mtume ulikuwa ni mahali pa sala, na pa mashauri, na pa kupokea wageni na wajumbe. Hema la wagonjwa halikutiwa pembezoni mwa mji, pale watu wanapotupa vitu wasivyotaka kuviona. Lilitiwa katikati ya mambo ya watu. Mgonjwa alisikia adhana, na alisikia sauti za watu wake wakipita. Wala Saad hakuwa peke yake mle msikitini, kwani lilikuwako na hema la watu wa Bani Ghifar karibu naye.

Jambo la pili ni nani aliyekuwa akiuguzwa humo. Ibn Ishaq amesema kuwa Rufaida alikuwa akitibu majeruhi, na kwamba alijitolea nafsi yake, akitaraji thawabu kwa Mungu, kumkhudumia kila Mwislamu aliyekuwa hana wa kumwangalia. Saad hakuwa mtu asiyekuwa na jamaa, kwani nyuma yake palikuwa na kabila zima. Hata hivyo alilazwa katika hema lile lile la wasio na watu, chini ya mikono ile ile. Muuguzi mwema hana khuduma mbili, moja ya mkubwa na moja ya fakiri.

Jambo la tatu ni ujira. Bibi Rufaida hakutaka ujira. Wala haina maana kuwa ujira wa tabibu au wa muuguzi ni haramu, la. Bwana Mtume mwenyewe alipigwa chuku akampa mpiga chuku ujira wake. Maana yake ni kuwa hema lile halikumwuliza mtu ana nini kabla ya kumwuliza anaumwa na nini.

Jambo la nne ni sitara. Hema ni pazia. Mtu aliyejeruhiwa hufunuliwa mwili, hulia kwa maumivu, hutokwa na mambo asiyopenda kuonekana nayo. Kumweka ndani ya hema, hata katikati ya msikiti, ni kumhifadhia heshima yake. Na wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi wamelieleza jambo hili wazi. Wamesema kuwa haja ya tiba inahalalisha kutazama na kugusa, lakini kwa kadiri ya haja tu, na kisichohitajiwa kufunuliwa na kibakie kimefunikwa. Wamesema pia mwanamke atangulie kutibiwa na mwanamke akipatikana. Bibi Ummu Salama alipotaka kupigwa chuku aliomba ruhusa, na Bwana Mtume akamwamrisha Abu Taiba ampige. Mpokezi wa hadithi akaona haja ya kueleza kuwa huyo Abu Taiba, kwa dhana yake, alikuwa nduguye wa kunyonya au mtoto asiyebaleghe.

KUMWULIZA MGONJWA

Imam Bukhari amepokea kuwa, baada ya Saad kuwa mzito kwa jaraha lake akapelekwa kwa Rufaida, Bwana Mtume alikuwa kila akimpitia jioni humwuliza jioni yake imekuwaje, na kila akimpitia asubuhi humwuliza amepambazukiwaje. Na Saad humweleza.

Khabari hii ni fupi, na mwenye kuisoma mbio huipita. Lakini na asimame hapo kidogo. Muuguzi alikuwako, naye ndiye aliyekesha na mgonjwa. Jamaa wa Saad walikuwako. Bwana Mtume angeweza kumwuliza Rufaida, au kuwauliza hao, khabari za mgonjwa wao juu ya kichwa chake naye amelala anasikiliza, kama wafanyavyo watu wengi. Hakufanya hivyo. Alimwuliza Saad mwenyewe, na akangoja Saad amweleze. Kwani mwenye maumivu ndiye mwenye khabari ya maumivu. Tabibu hujua maradhi, na muuguzi hujua usiku ulivyopita, lakini kilicho ndani ya mwili wa mtu hapana akijuacho kuliko mwenye mwili. Mgonjwa asiyeulizwa hugeuzwa mzigo, akahamishwa huku na huku kama gunia. Na mgonjwa aulizwaye akasikilizwa hubaki kuwa mtu, japokuwa hawezi kuinua mkono.

Hiyo ndiyo haki ya kwanza katika haki za mgonjwa, nayo ni kuulizwa, na kusikilizwa anapojibu.

KUTOKA KWA SAAD NA KUFA KWAKE

Maadui walipoondoka, Saad aliitwa kwenda kutoa hukumu katika jambo la Banu Quraidha, na khabari ya hukumu hiyo ina mahali pake katika vitabu vya Sira. Lililo la kijitabu hiki ni namna alivyokwenda. Watu wake walimpandisha juu ya punda, wakamtandikia mto wa ngozi, naye hali yake ni mahututi. Alipokwisha akarudishwa hemani.

Saad alikuwa amemwomba Mungu jambo. Aliomba kuwa, ikiwa vita na Makureshi vimebakia, basi abakishwe apigane nao, na ikiwa vimekwisha, basi jaraha lake lifunguke na mauti yake yawe kwa jaraha hilo. Usiku mmoja jaraha likafunguka. Watu wa hema la Bani Ghifar walistuka kuona damu inawajia, wakauliza ni kitu gani hiki kitokacho upande wa pili. Walipotazama wakaona ni damu ya Saad, naye akafa kwayo, Mungu amwie radhi.

Bibi Rufaida basi hakumponya mgonjwa wake aliye mashuhuri kuliko wote. Khabari yake isingekuwa na maana kama uuguzi ungepimwa kwa kupona tu. Lakini watu wa Sira hawakuona aibu kuiandika, wala hapana aliyemlaumu. Kupona ni kwa Mungu. La muuguzi ni kumtunza mtu vizuri mpaka mwisho wa siku zake, ziwe nyingi au chache, na asimwache katika saa ambayo dawa imeshindwa. Tabibu akishasema kuwa hana la kufanya, muuguzi bado ana kazi ya kumlaza vizuri, kumlowesha midomo, kumstiri, na kukaa naye.

HAKI YA KUKATAA

Hema la Rufaida lilikuwa katika mji uliokuwa ukifundishwa adabu ya mgonjwa na Mtume wake, na kazi yake haifahamiki vyema ila pamoja na mafundisho hayo. Mojawapo lilitokea katika maradhi ya mwisho ya Bwana Mtume, mwaka wa 11 wa Hijra (632).

Amesimulia Bibi Aisha kuwa waliokuwa nyumbani walimtia Bwana Mtume dawa upande wa kinywa alipozidiwa, naye akawaashiria wasifanye. Wakaambiana kuwa hilo ni chuki ya mgonjwa tu kwa dawa, kama wachukiavyo wagonjwa wote, wakamtia. Alipopata fahamu aliwauliza kama hakuwakataza. Wakamjibu kwa udhuru ule ule. Akaamrisha kuwa asibaki mtu yeyote nyumbani mle ila naye atiwe dawa ile ile, huku yeye akitazama, isipokuwa Abbas, kwa kuwa hakuwapo wakati ule.

Waliomtia dawa walikuwa ni watu wampendao kuliko nafsi zao, na walitaka kheri. Pamoja na hayo, kupenda kwao hakukuwa udhuru. Mgonjwa alikuwa na akili yake, na alikuwa ameashiria, na ishara yake ilikuwa ni neno. Wangapi leo hushikwa mikono na miguu wakanyweshwa, au wakachomwa sindano, kwa hoja hiyo hiyo ya kuwa mgonjwa hajui lililo jema kwake? Mtu mzima mwenye akili timamu, aliyekwisha kuelezwa faida na madhara, neno lake katika mwili wake ni neno. Muuguzi atamnasihi, na atamrudia kwa upole, na atamtafutia anayemwamini aseme naye. Lakini hatamghilibu, wala hatamtilia dawa ndani ya chakula bila ya kujua.

Na Imam Shafi, aliyekufa mwaka wa 204 wa Hijra (820), ameieleza sheria ya jambo hili katika kitabu chake Al-Umm. Amesema kuwa mtu akimwamrisha mwengine ampige chuku, au amtahiri mwanawe, naye akafanya kama wafanyavyo mafundi wa kazi hiyo kwa ajili ya maslaha, kisha pakatokea madhara, basi hana dhamana. Ama akifanya yasiyofanywa na wajuzi, dhamana iko juu yake. Tazama jinsi masharti mawili yalivyokutana hapo: idhini ya mwenye mwili au walii wake, na ujuzi wa mwenye kutibu. Na imepokewa katika hadithi kuwa anayejitia utabibu hali hajulikani kwa utabibu, huyo ni mdhamini wa alichokiharibu.

HAKI YA KUJUA NA KUFUNDISHWA

Jabir amesimulia kuwa walikuwa safarini, na mtu mmoja akapigwa na jiwe likampasua kichwa. Kisha akaota usiku, ikamlazimu kuoga. Akawauliza wenziwe kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia kuwa hawamwonei ruhusa maadam anaweza kupata maji. Akaoga, akafa. Bwana Mtume alipoletewa khabari hiyo alikasirika sana, akasema kuwa wamemwua, na kuwa walipokuwa hawajui iliwapasa kuuliza, kwani tiba ya ujinga ni kuuliza.

Mtu yule hakuuawa na jiwe. Aliuawa na jawabu la asiyejua. Na khabari hii yaonyesha kuwa ujuzi ni sehemu ya tiba, na kuwa anayemnyima mgonjwa ujuzi, au akampa ujuzi wa uwongo, huenda akawa ameshiriki katika kifo chake.

Kwa hivyo kumfundisha mgonjwa ni wajibu wa muuguzi kama kumfunga jaraha. Mgonjwa arudiye nyumbani na chupa mkononi, asijue dawa ni kabla ya chakula au baada yake, hakutibiwa ila nusu. Aliyeanza dawa za kifua kikuu, zinywewazo kwa kawaida miezi sita, asipoambiwa kuwa kikohozi kitapoa mapema na maradhi bado yamo, ataziacha katika mwezi wa pili akidhani amepona. Mwenye kisukari asipofundishwa kutazama nyayo zake kila siku, atakanyaga mwiba asiusikie, na kidonda kikaja kumpotezea mguu. Na muuguzi hodari akisha kueleza humtaka mgonjwa naye aeleze alichofahamu, kama mwalimu wa chuo amtakavyo mwanafunzi amsomee alichosomeshwa. Hapo hujua kama somo limeingia, na likiwa halikuingia hurudia bila ya kumkemea.

Jambo hili linagusa ibada pia. Mgonjwa atajuaje kama yumkini kwake kufunga Ramadhani, au ana ruhusa ya kula, ikiwa hakuambiwa ana maradhi gani? Atajuaje kama maji yatamdhuru, atayamamu? Ruhusa hizo zimejengwa juu ya kujua madhara, na kwa Mashafi khabari ya tabibu mwaminifu ni hoja katika hilo. Mwenye kumficha mgonjwa maradhi yake humfungia mlango aliofunguliwa na Mola wake.

Na zito kuliko hayo ni mauti. Imekuwa dasturi ya watu wengi kumficha mgonjwa kuwa maradhi yake hayana dawa. Jamaa wote hujua, na majirani hujua, na watoto hujua, asijue mwenyewe. Humcheka usoni wakaenda kulia nyuma ya mlango. Nao hufanya hivyo kwa huruma, lakini ni huruma iliyokosa njia. Mtu huyo pengine ana deni asilolitaja, ana amana ya watu, ana ndugu waliyekosana, ana wasia wa kuandika, ana toba ya kutubu. Akifichwa mpaka akazimia, hayo yote hupita. Saad alilijua jaraha lake, na kwa kulijua alimwomba Mola wake alilolitaka. Lau angedanganywa kuwa kesho atapanda farasi, asingeomba ile dua.

Wala haina maana kuwa mtu apigwe na khabari kama kupigwa na jiwe. Kuna wakati wake na namna yake. Mgonjwa na aulizwe kwanza anataka kujua kiasi gani, na aambiwe kwa upole, awe karibu naye mtu ampendaye, na asikatwe tamaa na rehema ya Mungu. Mwenye kusema hataki kujua, asilazimishwe. Lakini mwenye kuuliza asidanganywe. Na siri yake ni amana. Khabari ya maradhi ni mali ya mwenye maradhi, na muuguzi anayeitoa barazani au sokoni amekhini amana.

ATHARI ZA HEMA LILE

Kilichoanzwa na hema kilikuja kuwa majumba. Mwaka wa 683 wa Hijra (1284) Sultani Qalawun alikamilisha katika mji wa Cairo hospitali iliyojulikana kwa jina la Mansuri, akaiwekea wakfu mkubwa. Iliwapokea wanaume na wanawake, matajiri na mafakiri. Homa zilikuwa na mahali pake, macho mahali pake, na majeraha mahali pake, na wagonjwa waliwekewa wakhudumu, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake. Iliwekwa sharti katika wakfu huo kuwa kila mgonjwa apelekewe chakula chake peke yake katika chombo kilichofunikwa. Sharti hilo ni dogo, nalo lina adabu ile ile ya hema la msikitini, ya kuwa huyu ni mtu, na ana haki yake mbali na ya mwenziwe.

Katika zama za sasa mataifa nayo yameyaandika mambo hayo. Mwaka wa 1953 Baraza la Kimataifa la Wauguzi lilipitisha kanuni za adabu ya kazi yao. Mwaka wa 1981 jumuiya ya madaktari wa ulimwengu ilikutana katika mji wa Lisbon, ikatoa azimio la haki za mgonjwa, na katika haki hizo mna kujua, na kukubali au kukataa, na kuhifadhiwa siri na heshima. Na huko Delhi, katika chuo kikuu cha Jamia Hamdard, chuo cha uuguzi kimepewa jina la Rufaida. Wasichana wasomao humo hupita kila siku chini ya jina la mwanamke aliyekuwa hana jumba wala karatasi, ila hema na mikono yake miwili.

KHATIMA

Hayo ndiyo maisha ya Bibi Rufaida kwa yale yaliyopokewa. Hakuacha kitabu, wala hotuba, wala mali. Aliacha jina lililofungamana na kazi moja, aliyoifanya vizuri mahali palipojulikana kwa watu wasiokuwa na wa kuwaangalia.

Basi mwenye mgonjwa nyumbani kwake na amwulize asubuhi na jioni, na amngoje ajibu. Asimpe dawa kwa nguvu naye ana akili yake. Amweleze ukweli kwa upole, amfundishe anayopaswa kuyafanya, ahifadhi siri yake na afunike mwili wake. Na aliyeshika kazi ya uuguzi na ajue kuwa kazi hiyo ilifanywa ndani ya msikiti wa Mtume, mbele ya macho yake, na kwa amri yake. Asiione ndogo, wala asiwaone wadogo waliolala mbele yake.

Mwenyezi Mungu amrehemu Bibi Rufaida, awaponye wagonjwa wa Kiislamu na wagonjwa wa viumbe vyake wote, na awalipe wanaokesha nao. Amin.